Joseph Kekuku: Mtoto wa Kisiwani Aliyeinua Nyuzi za Gitaa

Ziko sauti duniani ambazo kila mtu huzijua lakini ni nadra kumpata anayemjua aliyeziasisi. Moja katika hizo ni ile sauti ya gitaa inayoteleza, inayopanda na kushuka bila kukatika, hata msikilizaji akadhani ni mtu anayelia wala si waya unaoguswa. Waliosikiliza santuri za nyimbo za filamu za Kihindi wameisikia, na wengi wao wakasema hiyo ni ala ya Bara Hindi. Waliosikiliza nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani wameisikia pia, nao wakasema hiyo ni ala ya Wazungu. Kumbe si ya huku wala si ya kule. Asili yake ni kisiwani, katikati ya bahari ya Pasifiki, na anayetajwa kuwa baba yake ni kijana mmoja wa huko aliyeitwa Joseph Kekuku.

Hukumu ya ala na muziki ni mlango wa maulamaa, na makala haya hayaingii humo. Sisi hapa twasimulia tarehe ya mtu: alizaliwa wapi, alifanya nini, na vipi jina lake lilipotea hali kazi ya mikono yake ilienea ulimwengu mzima.

AZALIWA LAIE

Joseph Kekuku alizaliwa tarehe 29 Desemba 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu, mojawapo ya visiwa vya Hawaii. Wakati huo Hawaii ilikuwa dola yenye mfalme wake, bendera yake na lugha yake, mbali na pwani ya Marekani kwa zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu.

Kama ilivyo kwa watu wote wa visiwani na wa pwani, watu wa Hawaii waliletewa mambo na vyombo. Gitaa liliwafikia katika miaka ya 1830, likiletwa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico walioitwa kuja kuwafundisha wenyeji kuichunga mifugo iliyokuwa imezidi na kugeuka ya mwitu. Wachungaji walirudi kwao, magitaa yakabaki. Mwaka wa 1879 wakaja Wareno kutoka kisiwa cha Madeira na vinanda vyao vidogo, na hapo ndipo Wahawaii walipopata ile ala ndogo ya nyuzi 4 waiitayo ukulele.

Lakini wenyeji hawakulipokea gitaa kama lilivyokuja. Walilegeza baadhi ya nyuzi zake, hata zikawa zikipigwa tupu, bila ya kubanwa kwa kidole, zinatoa sauti zinazopatana. Jambo hili msomaji alishike, maana bila ya hilo kazi ya Kekuku isingewezekana.

Kijana huyu alipelekwa Honolulu kusoma katika Shule ya Kamehameha ya wavulana. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1887 kwa mali ya binti wa kifalme, Bernice Pauahi Bishop, aliyefariki mwaka wa 1884 na kuusia ardhi zake nyingi ziwasomeshe watoto wa Kihawaii. Kwa sisi hilo ni jambo tunalolifahamu vizuri, maana linafanana sana na wakfu. Shuleni watoto walifundishwa vitabu na pia kazi za mikono, na palikuwa na karakana ya vyuma.

CHUMA JUU YA NYUZI

Vipi alizindua alichokizindua? Hapa masimulizi yanatofautiana. Wako wasemao kwamba alipokuwa mtoto wa miaka 11 alikuwa akitembea kando ya reli huku akipiga gitaa, akaokota parafujo ya chuma, ikagusa nyuzi na kutoa sauti ngeni. Wengine husema ni kitana kilichomponyoka kikaangukia nyuzi, na wengine hutaja kisu. Habari kama hizi ndivyo zilivyo: kila msimulizi huongeza chumvi yake. Jambo ambalo wasimulizi wengi wanakubaliana ni kwamba kijana huyu hakukiacha alichokisikia kipite hivi hivi. Alikirudia kwa miaka, inasemwa 7, mpaka kikawa fani. Na inasimuliwa kwamba katika karakana ya shule yake ndimo alimotengeneza kipande cha chuma laini kilichomfaa kuteleza juu ya nyuzi.

Tuieleze kazi yenyewe, maana ndani yake ndiko uliko ufundi. Gitaa la kawaida lina vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni, kimoja baada ya kingine. Mpigaji anapobana uzi kwa kidole, uzi hukaa juu ya kijiti na kutoa sauti moja maalumu. Hawezi kupata sauti iliyo baina ya kijiti na kijiti ila kwa taabu. Udi wetu hauna vijiti, na ndiyo maana mpigaji wa udi aweza kuitelezesha sauti na kuipinda apendavyo. Gitaa lilikuwa limefungwa. Kekuku alilifungua.

Kwanza alilitoa mikononi akalilaza mapajani, uso ukaelekea juu. Pili aliondoa nyuzi za utumbo, zilizofanana na nyuzi za gambusi la zamani, akatia za chuma, kwa sababu chuma kikipita juu ya utumbo sauti hufa, bali chuma kwa chuma huimba. Tatu, na hili ndilo kubwa, aliziinua nyuzi zikawa juu zaidi ya shingo, hata kile kipande cha chuma kikapita bila kugonga vijiti. Tangu hapo vijiti vikawa alama za kutazamwa tu. Sauti yote ikawa mikononi mwa mpigaji. Na kwa kuwa nyuzi zilikwisha kulegezwa zikapatana zenyewe, chuma kimoja kilichonyooka kikilazwa juu ya nyuzi zote kilitosha kutoa sauti nyingi zinazopatana kwa wakati mmoja.

Insafu yatutaka tuseme kwamba wako waliotajwa kabla yake au pamoja naye. Mmoja ni Gabriel Davion, kijana ambaye habari zinasema alizaliwa Bara Hindi na akafikishwa Hawaii na nahodha wa jahazi la Kizungu. Huko India kuna vinanda vya kale ambavyo hupigwa kwa kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, kwa hiyo si ajabu kama Davion alikuja na fikira hiyo kichwani. Yuko pia James Hoa. Lakini kutelezesha kitu juu ya uzi ni jambo moja, na kuibadilisha ala, kutengeneza chuma chake, kuunda namna ya kuipiga na kuifundisha watu ni jambo jingine. Kwa hayo ya pili, watafiti wengi humpa Kekuku haki yake.

NCHI YAPOTEA, SAUTI YASAFIRI

Wakati kijana huyu akiwa katika ujana wake, nchi yake ilipatwa na msiba. Mwezi wa Januari 1893 wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wengi wao wenye asili ya Kimarekani, walimpindua Malkia Liliuokalani huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameshuka pwani. Mwaka wa 1898 Marekani ikaitwaa Hawaii. Baada ya serikali ya Malkia kuanguka, lugha ya Kihawaii iliondolewa katika mafundisho ya shuleni, na watoto wakalelewa waone haya kuisema.

Ajabu ya mambo ni kwamba kadiri Hawaii ilivyozidi kupotea kama nchi, ndivyo nyimbo zake zilivyozidi kutakiwa na hao hao waliokuwa wameichukua. Mwaka wa 1904 Kekuku alisafiri kwenda Marekani bara. Alipiga katika majumba ya michezo na kufundisha wanafunzi katika miji ya pwani ya magharibi. Mwaka wa 1912 mchezo wa kuigiza ulioitwa The Bird of Paradise, wenye wapigaji wa Kihawaii, ulionyeshwa New York na ukapata umaarufu mkubwa. Mwaka wa 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco yaliwasikilizisha malaki ya watu muziki wa Hawaii, na kufikia mwaka wa 1916 santuri za Kihawaii zilikuwa miongoni mwa zilizouzwa sana kuliko zote nchini Marekani.

Mwaka wa 1919 Bwana Kekuku alivuka bahari ya Atlantiki kwenda Ulaya pamoja na mchezo huo huo. Alikaa huko miaka 8 hivi, akizunguka mji kwa mji. Watu wa Ulaya waliotoka katika vita vikuu walikuwa na hamu ya kusikia kitu cha mbali na laini, naye aliwapa. Lakini tusisahau ya kuwa alikuwa akipiga ndani ya mchezo ulioandikwa na mtu mwingine, ukiwaonyesha watu wa kwao kama watu wa ndoto. Wasikilizaji walirudi makwao na sauti masikioni. Jina la mpigaji lilibaki kwenye karatasi ya tangazo, na karatasi hiyo ikatupwa.

Aliporudi Marekani alikaa Chicago, kisha akahamia mji mdogo wa Dover katika jimbo la New Jersey, akawa mwalimu wa gitaa. Tarehe 16 Januari 1932 alifariki huko New Jersey kwa kupasuka mshipa wa kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 57. Alizikwa Dover, upande wa pili wa bara na bahari kutoka Laie.

NAFASI YA UZI NA UZI

Mwaka ule ule aliofariki, 1932, gitaa la kwanza la umeme lililofaulu sokoni lilianza kuuzwa huko Los Angeles. Umbo lake lilikuwa la duara dogo na shingo ndefu, hata watu wakalibandika jina la kikaango. Na halikuwa gitaa la kushikwa kifuani, bali la kulazwa mapajani, la namna ya Kekuku. Kwa hiyo magitaa ya umeme tunayoyaona katika kila bendi yana deni kwa mtoto wa Laie, maana mlango wa umeme uliingiwa kwanza na ala yake.

Baada ya hapo mafundi waliichukua ala hii na kuizidisha. Nyuzi 6 zikawa 8, kisha 10, na wengine wakafika 12. Mapaja hayakutosha tena, ala ikatiwa miguu na kuwa kama meza. Kisha zikaja pedali za kukanyaga, ambazo huvuta uzi fulani na kuupandisha sauti huku nyuzi nyingine zikitulia. Kiwanda cha Gibson kilijaribu mapema, karibu na mwaka wa 1940. Baadaye fundi Paul Bigsby wa California, aliyezaliwa mwaka wa 1899 na kufariki mwaka wa 1968, alitengeneza za kwake moja moja kwa mkono wake. Mwaka wa 1954 santuri ya Webb Pierce iitwayo Slowly, iliyopigwa na Bud Isaacs, iliwafanya wapigaji wa Marekani waikimbilie pedali kama watu waendao kwenye maji. Leo Fender akaingia uwanjani na magitaa ya pedali mwaka wa 1957, na Buddy Emmons pamoja na Shot Jackson wakaanzisha karakana ya Sho-Bud miaka hiyo hiyo.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hata leo huwasumbua wenye magitaa hayo ya zamani, nalo ni nafasi iliyoko baina ya uzi na uzi. Kekuku alipoinua nyuzi, alikuwa bado na gitaa la kawaida, na nafasi zake zilikuwa zile zile alizozikuta. Lakini mkono wa kushoto ulipoacha kubana nyuzi kwa vidole na kushika chuma, sababu ya kuzisonganisha shingoni iliondoka. Chuma kilichonyooka hakijali kama nyuzi ziko karibu au mbali. Aliyebaki kujali ni mkono wa kulia, ambao hupiga kwa dole gumba na vidole viwili vilivyovishwa kucha za chuma na za plastiki. Kwa hiyo fundi alikuwa huru, na kila fundi akachukua uhuru wake.

Katika gitaa la pedali kila uzi hushikwa na ulimi wake wa chuma unaocheza pedali ikikanyagwa, na ndimi hizo zimepangwa bega kwa bega. Unene wa ulimi ndio unaoamua nafasi ya uzi. Karakana iliyokata chuma kinene ilipata nafasi pana, iliyokata chembamba ikapata nafasi finyu. Magitaa ya nyuzi 8 aghalabu yana nafasi kubwa, ya nyuzi 12 yamebanwa zaidi. Katika yale ya nyuzi 10 nafasi huwa kati ya milimita 8 na 9 hivi.

Msomaji aweza kuuliza, nusu ya milimita ni kitu gani? Basi na apige hesabu. Nyuzi 10 zina nafasi 9 baina yake. Nusu milimita mara 9 ni milimita 4 na nusu, yaani karibu nusu ya nafasi moja nzima. Mpigaji aliyezoea gitaa moja kwa miaka 20, vidole vyake havitazami, vinajua. Umkalishe mbele ya gitaa la karakana nyingine, dole gumba litatua pale linapotarajia uzi likakuta upepo, au litagusa uzi wa jirani. Kadhalika sumaku za kunasa sauti. Katika magitaa mengi ya zamani kila uzi una ncha yake ya sumaku chini yake. Ukichukua sumaku ya gitaa hili ukaitia katika lile, nyuzi za pembeni hukaa kando ya ncha zake na sauti yake huwa dhaifu. Ndiyo maana mwenye gitaa kuukuu hupima kwanza ndipo anunue kipuri.

Sisi watu wa mashairi jambo hili halitushangazi. Mshairi aliyezoea mizani 8 kwa 8, mpe bahari nyingine ya mizani 6 kwa 6, naye ataona ulimi wake unajikwaa, ingawa maneno ni yale yale na lugha ni ile ile. Kipimo kikishaingia mwilini hakitoki upesi.

SAUTI YAFIKA KWETU

Ala hii haikuishia Marekani. Familia ya Tau Moe, wapigaji wa Kihawaii, walizunguka nchi nyingi na kukaa Calcutta katika miaka ya 1940. Huko Bara Hindi sauti inayoteleza ilipokelewa kama ndugu aliyepotea, kwa kuwa uimbaji wa Kihindi wenyewe ni wa kuteleza. Van Shipley aliipiga katika muziki wa filamu. Kazi Aniruddha, mtoto wa mshairi mkubwa wa Kibengali Kazi Nazrul Islam, alikuwa bingwa wa gitaa hilo. Brij Bhushan Kabra akaliingiza katika muziki wa jadi wa Kihindi.

Hapa Kenya ilifika kwa njia nyingine pia. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, alirekodi baadhi ya nyimbo zake pamoja na wapigaji wa Kihawaii. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis, nao wakamtungia wimbo wakimwita Chemirocha, ambao Hugh Tracey aliurekodi mwaka wa 1950. Na huko Nigeria, King Sunny Ade aliitia gitaa la pedali katika santuri yake ya mwaka wa 1982.

Mambo ya namna hii watu wa Pwani tunayajua. Taishokoto lililoingia katika taarabu ya Mombasa lilizuliwa Nagoya, Japani, mwaka wa 1912 na Goro Morita. Lilipita India kabla ya kufika kwetu. Wangapi waliocheza kwa sauti yake wanalijua jina la Morita?

HESHIMA ILIYOCHELEWA

Mwaka wa 1993 wapigaji wa gitaa hilo nchini Marekani walimwingiza Joseph Kekuku katika orodha ya mabingwa wao. Ndio mwaka ambao Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa kupinduliwa kwa Malkia wa Hawaii, miaka 100 baada ya tendo. Mwaka wa 2015 sanamu yake ilisimamishwa Laie, kama ilivyo desturi ya watu wa huko, na vijana wa Hawaii wakaanza kufundishwa upya ala ambayo wenyewe walikuwa wamekaribia kuiacha.

Heshima iliyochelewa ni bora kuliko iliyokosekana, lakini mtu mwenyewe haimfikii. Kekuku alifariki akiwa mwalimu wa gitaa katika mji wa ugenini, hali sauti yake ilikuwa imekwisha zunguka dunia. Kwetu nako wako mafundi waliochonga gambusi, waliokaza ngozi za ngoma na kutengeneza mazumari, na wako watunzi ambao tungo zao huimbwa harusini kila wiki bila ya kutajwa. Baadhi yao wangali hai. Anayejua jina la mmoja wao na aliandike, pamoja na mtaa wake, mwaliamu wake na kipimo alichokitumia, kabla ya kujuulizana alikuwa nani.